Kuusoma mti kwa kitawi chake: mwongozo wa istilahi za miti na vichaka kwa wakazi wa Mombasa

Mombasa mti mmoja huwa na majina kadhaa, na jina moja hubeba miti kadhaa. Mwarobaini wako ni mkilifi kwa jirani yako. Ukiagiza majani ya mbono, mmoja atakuletea mbarika (Ricinus communis), mwingine atakuletea mbono kaburi (Jatropha curcas) uliopandwa ukawa ua wa nyumba, na mbegu za yote miwili zina sumu. Jina hubadilika mtaa kwa mtaa, lakini jinsi majani yalivyoshikana na tawi haibadiliki ukivuka feri kwenda Likoni. Kwa hiyo anayetaka kuujua mti kwa yakini, au kumweleza mtu ambaye hajauona, huanza na umbo. Jina hufuata baadaye.

Mwongozo huu ni wa kukupa maneno ya kazi hiyo na utaratibu wa kuyatumia. Mifano yote ni mimea unayoweza kuifikia kwa miguu au kwa matatu: uani, sokoni, Mama Ngina, Bamburi na ukingo wa mikoko ya Tudor.

Hatua ya 1: Vifaa

Daftari, penseli (wino huchuruzika ukilowa), rula ya shule, mkasi wa kukatia matawi, magazeti makuukuu, simu ya kupigia picha. Ukiweza kununua kimoja zaidi, kiwe lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Mambo mengi yatakayoelezwa hapa ni madogo kuliko punje ya mchele.

Kitawi utakachokata kiwe na urefu wa kama sentimita 30, chenye majani yaliyokomaa, na ikiwezekana maua au matunda. Usichukue jani moja tupu. Jani likishang'oka tawini limepoteza nusu ya habari zake, na hili ndilo kosa linalowasumbua zaidi wanaotuma picha wakiuliza "huu ni mti gani?"

Hatua ya 2: Hakikisha una mmea wa ubao

Kwaruza kwa ukucha gome la kitawi kichanga cha mwembe. Kwanza utaona tabaka la kijani, kisha utelezi, kisha ubao mweupe ulio mgumu. Pale penye utelezi ndipo ilipo kambiamu, utando mwembamba wa seli hai kati ya gome na ubao. Kambiamu hutoa seli za ubao upande wa ndani na seli za gome upande wa nje, na hivyo shina hunenepa mwaka hadi mwaka. Mmea wenye shina la namna hii ndio tunaouita mmea wa ubao.

Mnazi hauna kambiamu. Fundi atakwambia mnazi hutoa mbao, na ni kweli, lakini shina lake ni mafungu ya nyuzi yaliyotawanyika, na halitanuki mwaka baada ya mwaka kama la mwembe. Mkoma na mitende mingine ni hivyo hivyo. Mgomba uko mbali zaidi: kile tunachokiita shina ni makonyo mapana ya majani yaliyokumbatiana, na ukiyabandua moja moja utafika katikati bila kukuta ubao. Mpapai nao una shina laini lenye uwazi ndani. Muhogo, kwa upande mwingine, ni kichaka cha ubao kamili, ingawa tumezoea kuuona shambani na kuufikiria pamoja na maharage.

Hatua ya 3: Umbo la mmea mzima

Rudi nyuma hatua chache utazame mmea wote. Ukiwa na shina kuu moja linalopanda kabla ya kugawanyika, andika mti. Mashina kadhaa yakitoka ardhini au karibu na ardhi, na mmea haupiti mita 5 hivi, andika kichaka. Mhina, mkomamanga na muhogo ni vichaka. Ukiwa na shina la ubao lisiloweza kujisimamia, andika mtambaa wa ubao. Bogenvilia ni mfano mzuri: huegemea ukuta au mti wa jirani na kujishika kwa miiba. Asumini (Jasminum sambac) huwa kati ya kichaka na mtambaa, na kwenye baraza za Mji wa Kale utauona ukiegemea nguzo. Mrehani una ubao chini tu, huku matawi ya juu yakibaki laini: andika kichaka nusu.

Tahadhari moja hapa. Mti uliokatwa kila mwaka hutoa mashina mengi na kufanana na kichaka. Mwarobaini uliopogolewa kwenye ua wa Nyali bado ni mti. Tafuta kisiki cha zamani chini kabla ya kuandika.

Hatua ya 4: Kisome kitawi

Sasa kishike kitawi chenyewe. Maneno ya kwanza unayajua kutoka kwenye muwa: mahali jani linapotokea ni fundo, na sehemu iliyo kati ya fundo na fundo ni pingili. Jani lina bapa (sehemu pana) na kikonyo (kijiti kinachoshika bapa). Pembe inayofanyika kati ya kikonyo na kitawi, upande wa juu, inaitwa kwapa. Na ndani ya kwapa hukaa jicho, yaani chipukizi dogo lililolala linaloweza kuwa tawi jipya au ua. Ni macho hayo hayo ambayo mkulima huyahesabu kwenye kipande cha muhogo kabla ya kukipanda.

Jicho ndilo ufunguo wa mwongozo huu wote, kwa hiyo jizoeze kulitafuta. Kata kitawi cha mpera, vuta kikonyo cha jani taratibu kuelekea chini, kisha tazama kwa lenzi: kuna kinundu kidogo pale juu ya kikonyo. Hilo ni jicho. Jani likianguka huacha kovu, na jicho hubaki juu ya kovu. Hata mti uliopukutika wote, kama mbuyu wakati wa kiangazi, bado unakuonyesha majani yalikuwa wapi.

Angalia pia kama kuna stipuli, vijipande viwili vidogo vilivyo pande mbili za kikonyo pale kinapogusa kitawi. Miti mingi huziangusha mapema. Mfenesi una stipuli kubwa inayofunika ncha ya kitawi, na ikidondoka huacha pete kamili inayozunguka kitawi. Mkoko nao huacha pete za namna hiyo.

Hatua ya 5: Majani yamepangwaje?

Hesabu majani kwenye kila fundo. Likiwa moja, na linalofuata likawa upande mwingine, majani yanapishana: mwembe, mstafeli, mlangilangi, mkanju. Yakiwa mawili yakitazamana, yako mkabala: mpera, mzambarau, mhina. Yakiwa matatu au zaidi, yamezunguka. Asumini huwa mkabala, na mara nyingine utakuta fundo lenye matatu.

Usifanye kipimo hiki kwenye ncha ya tawi. Mwembe na mkungu (Terminalia catappa) hurundika majani kwenye ncha hadi yanaonekana kama yamezunguka, kumbe yanapishana kwa pingili fupi mno. Shuka chini kidogo ya ncha, penye nafasi.

Hatua ya 6: Jani sahili au jani ambatano

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na hapa ndipo nakuomba ukae zaidi.

Kama sentensi za shuleni, jani ni sahili au ni ambatano. Jani sahili lina bapa moja. Jani ambatano limegawanyika kuwa vijani vingi, yaani vijipande vya jani moja, na kila kijani hufanana kabisa na jani zima. Mtu akiona tawi la mwarobaini huhesabu kila kijani kuwa jani. Atakosea mpangilio, atakosea ukubwa, atakosea kila kitu kinachofuata.

Dawa yake ni lile jicho. Kila jani lina jicho kwenye kwapa lake. Kijani hakina. Chukua mwarobaini: anza kwenye kijani kimoja, tafuta jicho pale kinaposhikana na kijiti. Hakuna. Fuata kijiti hicho kurudi nyuma hadi kwenye tawi lililo gumu zaidi. Hapo kuna jicho. Basi kila kilicho mbele ya jicho hilo, kijiti na vijani vyote, ni jani moja. La mwarobaini hufika urefu wa sentimita 20 hadi 40. Utaratibu ni huo huo kwa mkwaju, kwa mbirimbi, kwa mkrismasi.

Ukishajua kwamba ni ambatano, sema ni la namna gani. Vijani vikipangwa pande mbili za kijiti kimoja, ni jani la unyoya. Mkwaju ni mfano, wenye jozi 10 hadi 18 za vijani na bila kijani cha mwisho kwenye ncha. Kijiti kikuu kikitoa vijiti vya pembeni, na vijani vikawa kwenye hivyo vya pembeni, ni unyoya maradufu: ndivyo ulivyo mkrismasi (Delonix regia), mti wa maua mekundu uliotoka Madagaska. Mronge hugawanyika hata mara tatu. Vijani vyote vikitoka mahali pamoja kwenye ncha ya kikonyo, ni jani la kiganja. Mbuyu una vijani 5 hadi 7 kwa kawaida, na msufi ni hivyo hivyo. Msandarusi (Hymenaea verrucosa) una viwili tu, na hilo peke yake linatosha kuutenga na miti mingi ya pwani.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu mwarobaini (Azadirachta indica) una ndugu wa ukoo mmoja, mmelia (Melia azedarach), unaopandwa kwa kivuli na kwa mapambo. Yote miwili ina vijani vyenye meno ukingoni, na matunda madogo ya duara au yai. Wengi huichanganya. Lakini jani la mwarobaini ni unyoya mmoja, na la mmelia ni unyoya maradufu. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya mmelia ni ya zambarau hafifu. Matunda ya mmelia yana sumu. Mtu anayechuma majani ya kuchemsha kwa ajili ya mgonjwa anapaswa kuijua tofauti hii kabla ya kuwasha jiko, na tofauti yenyewe inasomeka kwa sekunde chache kwenye kijiti cha jani.

Tahadhari nyingine ni majani yaliyochanika sana bila kugawanyika. Jani la muhogo linafanana na la kiganja, lakini fuata mipasuko hadi chini: ndimi zake zimeungana pale kikonyo kinapoishia. Hilo ni jani sahili lenye ndimi. La mbarika na la mpapai pia. Kwa mbuyu, kila kijani kimesimama peke yake hadi mwisho. Isipokuwa mbuyu mchanga sana: miche yake huanza na majani sahili, na wengi huing'oa wakidhani ni magugu.

Na mvinje? Nyuzi za kijani unazoziona si majani. Shika uzi mmoja uuvute: utakatika kwenye kiungo, kama vipande vilivyochomekana. Tazama kiungo kwa lenzi na utaona vijino 6 hadi 8 vilivyozunguka. Vijino hivyo ndivyo majani, na uzi wenyewe ni kitawi kinachofanya kazi ya jani. Mahali bora pa kujifunzia ni Haller Park, Bamburi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo matupu ya mawe ya kiwanda cha saruji, na mvinje (Casuarina equisetifolia) ndio ulioivumilia ardhi ile, kwa sababu mizizi yake huishi na bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani. Nyuzi zilizodondoka ni ngumu kuoza, hivyo akaleta majongoo wakazila na kuzigeuza udongo.

Hatua ya 7: Bapa, ukingo, ncha, kitako, mishipa

Hii ni kazi ya kujaza fomu tu. Pima majani kadhaa yaliyokomaa, urefu na upana, na uandike la dogo na la kubwa. Umbo: yai, yai lililopinduliwa (mkanju na mkungu, vyenye upana karibu na ncha), mkuki, mviringo, moyo. Ukingo: laini usio na meno, wenye meno, au wa mawimbi. Ncha: kali, butu, au iliyobonyea. Kitako cha bapa: sawa pande zote, au kimeinama upande mmoja kama kijani cha mwarobaini.

Mishipa inastahili dakika moja zaidi. Kwa miti mingi kuna mshipa mkuu na matawi yake. Mkunazi (Ziziphus mauritiana) una mishipa mitatu inayoanza pamoja kwenye kitako, na chini ya jani kuna manyoya meupe laini. Ukiyaona hayo mawili pamoja na miiba, andika mkunazi bila wasiwasi. Mzambarau una mshipa mwembamba unaokimbia sambamba na ukingo. Na jani la mndimu ulielekeze kwenye mwanga: utaona vitone vinavyong'aa, ambavyo ni vifuko vya mafuta, na kikonyo chake kina mbawa ndogo pembeni. Kwa mbalungi mbawa hizo ni pana hadi zinaonekana kama jani la pili.

Hatua ya 8: Miiba na utomvu

Sisi tunasema mwiba tu. Kwa mimea ya ubao ni lazima useme umetoka wapi, kwa sababu kuna aina tatu zisizo na asili moja.

Mwiba wa tawi hutoka kwapani, pale pale jicho lilipopaswa kukaa, au ni ncha ya kitawi iliyogeuka kali. Mndimu, bogenvilia na mhina wa zamani viko hapa, na mchongoma (Flacourtia indica) pia, ambao huotesha miiba hata shinani. Waliosema kuupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, walikuwa wanaujua mti wenyewe. Mwiba wa stipuli huja pande za kikonyo. Kwa migunga huja jozi. Kwa mkunazi mara nyingi mmoja umenyooka na mwenzake umepinda kama ndoana. Mwiba wa gome hauna mahali maalumu: umeota tu juu ya ngozi ya shina na hubanduka ukiusukuma kwa kidole gumba, kama wa mwaridi. Magome ya msufi mchanga yana miiba minene ya aina hii.

Kisha vunja kikonyo utazame kinachotoka. Maziwa: mfenesi, mpapai, mnyaa. Utomvu mwangavu wenye harufu ya tapentaini: mwembe. Fanya hivyo kwa uangalifu. Maziwa ya mnyaa (Euphorbia tirucalli) yakiingia jichoni huumiza vibaya sana, na mafuta ya ganda la korosho mbichi huchoma ngozi. Usionje chochote kwa ajili ya kutambua. Harufu ya jani lililofikichwa inatosha.

Hatua ya 9: Ua

Kutoka nje kwenda ndani: sepali (vijipande vinavyolifunika ua kabla halijachanua), petali (zile ambazo kwa kawaida ndizo zenye rangi), stameni zinazobeba chavua, na katikati pistili, ambayo chini yake kuna ovari itakayokuwa tunda. Hesabu kila duara. Langilangi lina petali 6, hina lina 4, mwarobaini 5.

Rangi inaweza kukudanganya. Ile rangi ya bogenvilia, nyekundu au zambarau au ya machungwa, si petali. Ni brakti, yaani majani yaliyogeuka rangi. Fungua brakti tatu zilizokaa pamoja na utakuta vijineli vitatu vyembamba, kila kimoja kimeshikana na brakti yake. Hivyo ndivyo maua.

Swali muhimu kuliko rangi ni hili: ovari iko juu ya sepali au chini yake? Nenda Marikiti ujifunze kwa matunda. Biringani lina sepali upande wa kikonyo, kwa hiyo ovari ilikuwa juu. Pera lina mabaki ya sepali upande wa pili, kwenye ncha, kwa hiyo ovari ilikuwa chini. Komamanga lina taji zima hapo kwenye ncha. Nikitazama taji lile huwa nafurahia jambo moja: mkomamanga ni wa ukoo wa Lythraceae, na ndugu zake ni mhina wa uani na mlilana (Sonneratia alba) unaosimama ndani ya maji ya chumvi kule Tudor. Ukilitazama tunda la mlilana likiwa limekaa juu ya nyota ya sepali nene, undugu huo unaonekana kwa macho.

Hatua ya 10: Tunda

Embe, kungu na kunazi ni matunda ya kokwa: nyama nje, kokwa gumu moja ndani. Pera ni tunda la nyama lenye mbegu nyingi. Ukwaju ni ganda la jamii ya kunde lisilopasuka lenyewe. Stafeli limetokana na ua moja lenye pistili nyingi zilizoungana, na fenesi limetokana na maua mengi yaliyoungana, kila kokwa likiwa na ua lake. Korosho ndiyo tunda halisi la mkanju, na bibo ni kikonyo kilichovimba.

Andika pia tunda linatokea wapi. Birimbi na fenesi huota moja kwa moja kwenye shina na matawi makubwa. Miti ya namna hiyo ni michache.

Hatua ya 11: Jaribu kwenye mikoko

Ukitaka mtihani wa kweli, nenda Tudor au Jomvu maji yakipwa. Toka mbali mikoko yote ni kijani kimoja. Kwa maneno uliyojifunza inajitenga yenyewe.

Tazama jani kwanza. Likiwa ambatano la unyoya, una mkomafi au ndugu yake (Xylocarpus), na huenda ukaona tunda lake la duara kubwa. Likiwa sahili na linapishana, kuna kikandaa (Lumnitzera racemosa), wenye majani manene madogo yaliyobonyea kwenye ncha, au msikundazi (Heritiera littoralis), wenye majani makubwa yanayong'aa kama fedha upande wa chini. Yakiwa mkabala, endelea: jani lenye weupe chini, na mizizi iliyochomoza matopeni kama penseli, ni mchu (Avicennia marina). Lamba kidole baada ya kugusa jani lake na utaonja chumvi, maana mchu hutoa chumvi kupitia majani. Hili ndilo jaribio pekee la ulimi ninaloliruhusu. Jani lenye kijincha kama sindano na vitone vyeusi chini, juu ya mizizi iliyojipinda kama magongo, ni mkoko (Rhizophora mucronata). Jani la ncha butu, pana kuelekea juu, ni mkandaa (Ceriops tagal), isipokuwa ukiona lile tunda lililokaa juu ya nyota ya sepali: huo ni mlilana wa Hatua ya 9. Jani la ncha kali lisilo na sindano, na sepali nyekundu nene, ni muia (Bruguiera gymnorrhiza). Hii mitatu ya mwisho ina jambo lingine la pamoja: mbegu huota ikiwa bado juu ya mti, na zile fimbo za kijani zinazoning'inia ni miche.

Mikoko iko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya, na haikatwi bila kibali. Majani na miche iliyoanguka yanatosha kujifunzia.

Hatua ya 12: Andika maelezo

Utaratibu ni ule ule wa hatua tulizopita, kutoka mmea mzima hadi tunda, kwa maneno machache. Huu hapa ni mfano wa mhina (Lawsonia inermis):

"Kichaka, m 3, mashina mengi. Vitawi vichanga vya pembe nne. Vya zamani huishia kwa mwiba. Majani sahili, mkabala, sm 2–4 kwa sm 1–1.5, umbo la mkuki hadi mviringo, ukingo laini, ncha kali, kikonyo kifupi mno. Maua madogo ya rangi ya maziwa, mengi pamoja kwenye ncha za matawi, yenye harufu tamu. Sepali 4, petali 4 zilizokunjamana, stameni 8 kwa jozi. Tunda kavu la duara, mm 5 hivi, mbegu nyingi. Umepandwa uani."

Jina la kisayansi huandikwa kwa maneno mawili: la jenasi kwa herufi kubwa, la spishi kwa herufi ndogo. Utaratibu huu umesimama juu ya kazi ya Linnaeus ya mwaka 1753. Usitegemee maana ya jina kuijua asili ya mti. Tamarindus indica unasema India, lakini mkwaju ni mwenyeji wa Afrika. Na majina ya kienyeji yaandike yote uliyoambiwa, pamoja na mahali ulipoambiwa.

Hatua ya 13: Kausha kitawi

Kabla ya kukata, omba. Nyumba nyingi zenye mhina na asumini zina mwenyewe aliyeupanda na anayeuhesabu.

"Hodi! Salaam aleikum, mama. Naomba kitawi kimoja cha mhina wako, nataka kukikausha kwa kusomea."

"Aleikum salaam. Chukua mwanangu, lakini huo wa mbele una maua ya kuuza, kata ule wa nyuma."

Mara nyingi utapewa na maelezo ambayo hukuyatarajia, yaandike. Ukienda kwenye misitu ya Kaya za Mijikenda, iliyoingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, usikate chochote bila ruhusa ya wazee wa kaya.

Kitandaze kitawi kati ya kurasa za gazeti, baadhi ya majani yakitazama juu na mengine yakionyesha upande wa chini. Weka magazeti mengine juu na chini, kisha ubao na mawe mazito. Unyevu wa Mombasa huleta ukungu haraka, hasa wakati wa masika, kwa hiyo badilisha magazeti kila siku ya wiki ya kwanza, na uweke mzigo wako mahali penye upepo, pasipo jua kali. Matunda makubwa yakate vipande au yakaushe kando.

Weka lebo yenye mahali, tarehe, urefu wa mmea, rangi ya ua (hupotea ikikauka), harufu, na majina ya kienyeji. Kisha mpe mmea nambari, moja kwa kila mmea. Ukikwama na jina, sampuli iliyokaushwa hivi inaweza kulinganishwa na zile za hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Nambari ile ile iwe kwenye daftari, kwenye gazeti na kwenye picha ya simu.